Soketi ni ile ile ya LGA 1151: mbona prosesa ya kizazi cha nane haitawaka kwenye mashine yangu?

"Nina kompyuta ya mezani ya HP EliteDesk 800 G2, ile ya kasha jembamba, niliyoinunua ikiwa imetumika. Ina prosesa ya Core i5-6500 na RAM ya GB 8. Kazi yangu ni kuhariri picha na video za harusi hapa Kahawa West, na siku hizi mashine inalemewa sana. Tena inaniambia kwamba haistahili kuwekewa Windows 11. Muuzaji mmoja karibu na Moi Avenue amenishauri ninunue Core i7-8700 iliyotumika kwa shilingi 14,000, kwa sababu soketi ni ile ile ya LGA 1151, kwa hiyo itaingia na Windows 11 itakubali. Fundi wa mtaani kwetu anasema haitawaka. Nimetazama mtandaoni na kweli zote mbili zimeandikwa LGA 1151. Nani anasema kweli? Na kama haiwezekani, nizitumieje pesa hizo? Rafiki yangu ananiambia niachane na Intel nihamie AMD, eti huko soketi moja hupokea kila kitu."

Ndugu msomaji, fundi wa mtaani kwenu ndiye anayesema kweli, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Hata hivyo sitamwita muuzaji mwongo. Jina LGA 1151 limeandikwa kwenye prosesa zote mbili, na ukiiweka i7-8700 kwenye ubao mama wako itakaa vizuri, kifuniko kitafunga, na kwa macho hutaona kasoro yoyote. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia ndipo utakapojua. Kosa lake ni kudhani kwamba jina la soketi linatosha kujibu swali la upatanifu, na dhana hiyo imewagharimu watu wengi wanaonunua vipuri vya kompyuta mjini.

Tuanze na soketi yenyewe. Katika muundo wa LGA, prosesa haina pini. Upande wake wa chini una vidoa bapa vya rangi ya dhahabu, na soketi iliyo kwenye ubao mama ndiyo yenye pini nyembamba zinazonesa na kugusa vidoa hivyo, kila pini na kidoa chake. Nambari 1151 ni idadi ya migusano hiyo, basi. Haielezi kila mgusano unafanya kazi gani. Ipo inayoingiza umeme kwenye viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, ipo inayorudisha umeme, ipo ya kuzungumza na RAM, ya kupeleka data kwenye kadi ya picha, ya kuwasiliana na chipseti (chipu ya ubao mama inayounganisha prosesa na vifaa vingine), na mingine huachwa wazi na mtengenezaji kwa matumizi ya baadaye. Prosesa mbili zinaweza kuwa na idadi ile ile ya vidoa na bado zikawa zimepangiwa kazi tofauti.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa LGA 1151. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha sita, familia ya Skylake, ambayo i5-6500 yako ni mmoja wao. Mwanzoni mwa 2017 kikafuata kizazi cha saba, Kaby Lake, kwa mpangilio ule ule. Kisha mwezi Oktoba 2017 Intel ikaleta kizazi cha nane kwa mezani, Coffee Lake, ambacho kwa mara ya kwanza katika daraja hilo la kawaida kilikuwa na viini sita badala ya vinne. Viini zaidi vinahitaji umeme zaidi. Intel iliongeza migusano ya kuingizia umeme wa viini kutoka 128 hadi 146, na nafasi nyingi ilizipata kwa kuchukua ile iliyokuwa imeachwa wazi, ambayo ilipungua kutoka 46 hadi 25. Umbo halikubadilika, jina halikubadilika, na hata vile vipengele viwili vidogo vilivyokatwa kwenye kingo za prosesa ili isiingie soketi isiyo yake vilibaki palepale. Binafsi naona huo ulikuwa uamuzi mbaya kwa mnunuzi. Ukijaribu kuweka prosesa ya LGA 1150, yaani ya kizazi cha nne, kwenye ubao wako, vipengele hivyo vitakukatalia mara moja na hutapoteza chochote. Kwa kizazi cha nane hakuna onyo la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo Intel ilitangaza kwamba kizazi cha nane na cha tisa kitatumika tu kwenye mbao zenye chipseti za mfululizo wa 300, kama H310, B360, H370, Q370 na Z370. EliteDesk 800 G2 ina chipseti ya Q170, ambayo ni ya mfululizo wa 100. Kinyume chake pia ni hivyo hivyo: prosesa yako ya kizazi cha sita haitambuliki rasmi kwenye ubao wa mfululizo wa 300.

Hata tungesahau suala la pini, kuna BIOS. Unapowasha mashine, kitu cha kwanza kufanya kazi ni programu hiyo ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, muda mrefu kabla ya Windows. Lazima iitambue prosesa iliyowekwa, iipatie maagizo yake ya ndani, iipangie volti, kisha iamshe RAM na vifaa vingine. Ikikuta prosesa isiyoijua, husimama hapo hapo: feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi, na kwenye mashine za HP mara nyingi taa ya kitufe cha kuwashia inamweka kwa rangi nyekundu huku ikitoa milio. Katika mbao zinazouzwa kwa wajenzi wa kompyuta, mtengenezaji huwa anaongeza majina ya prosesa mpya kwa kutoa matoleo mapya ya BIOS. Kompyuta za ofisini kama yako ni kisa kingine, kwa maana BIOS yake hutengenezwa na HP yenyewe kwa ajili ya orodha ya prosesa ambazo mashine iliuzwa nazo, na HP haina sababu ya kuongeza zaidi wakati inakuuzia mashine mpya. Ndiyo maana hata prosesa za kizazi cha saba, ambazo kwa mpangilio wa pini zingekubaliana na ubao wako, sikushauri uzinunue kabla ya kuziona kwa majina kwenye orodha rasmi ya modeli yako.

Huenda umeona mtandaoni watu wakijisifu kwamba wameendesha kizazi cha nane kwenye mbao za mfululizo wa 100. Ni kweli wapo. Wanaandika upya BIOS kwa programu zisizo rasmi, wanaziba vidoa fulani vya prosesa kwa utepe mwembamba na kuunganisha vingine, na wengi wao hufanya hivyo kwenye mbao za wajenzi zenye BIOS iliyo rahisi kufunguliwa. Kwa mtu anayesubiriwa na maharusi wanaotaka video yao, huo si mchezo wa kuingia.

Suala la umeme na joto nitalitaja kwa kifupi. Mfumo wa kupooza wa kasha lako na sehemu ya ubao inayogawia prosesa umeme vilipangwa kwa prosesa za wati 65. Usishawishike na prosesa zinazoishia na herufi K, kama i7-6700K ya wati 91, hata kama bei ni nzuri. Kwenye ubao huo huwezi kuiongezea kasi kupita kiwango cha kiwandani, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuilipia zaidi. Joto lake utabaki nalo.

Sasa Windows 11. Orodha ya Microsoft kwa prosesa za Intel inaanza kizazi cha nane, ukiondoa chache sana za kizazi cha saba ambazo hazikuhusu. Hii maana yake ni kwamba hakuna prosesa yoyote inayowaka kwenye ubao wako itakayokufikisha kwenye Windows 11 kwa njia rasmi. Zipo mbinu za kukwepa ukaguzi huo wakati wa kuweka mfumo, na nyingi hufanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi unafikia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili uliyoyachanganya katika swali lako: kasi ya kazi yako leo, na mfumo utakaoutumia baadaye. Muuzaji alikuuzia jibu moja kwa maswali mawili.

Kuhusu kasi, sina hakika kwamba prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Fungua mradi wa video ulio mzito, anza kuutoa kama faili la mwisho, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame ukurasa wa utendaji wa mashine. Ikiwa RAM imejaa na diski inafanya kazi bila kupumzika huku prosesa ikiwa nusu, basi tatizo ni RAM, na kwa GB 8 katika uhariri wa video ningeshangaa kama sivyo. Mashine yako inatumia RAM ya DDR4 ya ukubwa wa kompyuta za mezani. Ifikishe GB 16 kwa vipande viwili vinavyolingana ili prosesa isome vyote viwili kwa wakati mmoja. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, SSD ndiyo ya kwanza kununuliwa, hata kabla ya RAM. Uzuri wa vitu hivi viwili ni kwamba utahama navyo siku utakapobadilisha mashine, jambo ambalo prosesa ya kizazi cha sita haiwezi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Simu na kamera nyingi za sasa hurekodi video za HEVC, ambayo ni njia ya kubana video, za biti 10, yaani zenye rangi za kina zaidi kuliko za biti 8. Sehemu ya picha ya kizazi cha sita ina uwezo wa kusoma HEVC ya biti 8 pekee kwa maunzi yake. Ya biti 10 mzigo wake mkubwa huangukia viini vinne vya prosesa, na hapo ndipo picha inapokwama kila ukisogeza mstari wa muda. Ikiwa hivyo ndivyo video zako zilivyo, iambie programu yako ya uhariri itengeneze nakala nyepesi za kuhariria, kisha itumie faili halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Programu nyingi za uhariri zina uwezo huo, na hugharimiki ila nafasi kwenye diski.

Ukikuta prosesa imefika asilimia mia muda wote huku RAM ina nafasi, basi prosesa ya juu kabisa ya kawaida unayoweza kuiweka bila wasiwasi ni Core i7-6700. Nayo ina viini vinne kama yako, ila kila kiini hushughulikia nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo ni nane badala ya nne, na kasi yake hufika GHz 4.0 dhidi ya GHz 3.6 ya i5-6500. Utauona utofauti wakati wa kutoa faili. Wakati wa kukata na kupanga vipande huenda usiuone sana. Kwa pesa ndogo ni sawa. Ikikaribia zile 14,000 achana nayo.

Njia ambayo mimi ningeifuata, kama kazi hii ndiyo inayokulisha, ni kuuza mashine hii pamoja na prosesa yake na kuongeza zile 14,000 ununue mashine ya ex-UK ya kizazi cha nane iliyo kamili. Katika ukoo huo huo wa HP ni EliteDesk 800 G4, yenye chipseti ya Q370. Ikija na Core i5-8500 tayari una viini sita, Windows 11 inakubali rasmi, biti 10 za HEVC zinasomwa na maunzi, na baadaye ukipata i7-8700 ya bei nzuri utaiweka bila ubishi wowote wa pini. RAM yako ya DDR4 itaingia humo pia. Ila usiikubali 800 G3 ukiambiwa ni karibu sawa: hiyo ina chipseti ya Q270, inatumia kizazi cha sita na cha saba, na utakuwa umerudi ulipo kwa gharama mpya.

Wengine watakuambia ubadilishe ubao mama tu na ubaki na kasha. Katika mashine hii haifai. HP ilitumia ubao wenye umbo lake na pawa saplai yenye viunganishi vyake, kwa hiyo ubao wa kawaida kutoka dukani hautakaa kwenye kasha na nyaya hazitalingana. Utajikuta unanunua kasha na pawa saplai pia.

Hoja ya rafiki yako kuhusu AMD ina ukweli wa kutosha kustahili jibu. Soketi ya AM4 ilihudumia prosesa za Ryzen kuanzia zile za kwanza za mwaka 2017 hadi mfululizo wa 5000, na hilo ni jambo ambalo Intel haijawahi kulifanya katika miaka hiyo. Lakini hata huko soketi haikutosha peke yake. Mbao za mwanzo za AM4, zenye chipseti za AMD za mfululizo wa 300, zilisubiri hadi 2022 ndipo AMD iliporuhusu BIOS za kuzitambua Ryzen 5000, na ubao ambao haujasasishwa utakupa skrini nyeusi ile ile. Soketi iliyofuata, AM5, nayo inakubali RAM ya DDR5 pekee, kwa hiyo ile uliyo nayo isingekufaa. Kwako wewe kuhamia AMD ni kununua karibu kila kitu upya. Kama siku moja utajenga mashine kutoka mwanzo, AMD ni chaguo zuri, na tutazungumza mengine.

Iwapo utaamua kuweka i7-6700, unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe ikiwa una mkono mtulivu. Sasisha BIOS kwanza kwa toleo la HP lililo la modeli yako hasa, na uifanye mashine ikiwa kwenye UPS, maana stima ikipotea katikati ya kuandika BIOS unaweza kubaki na ubao usiowaka kabisa. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, na ufungue skrubu za kipoza joto kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba. Inua mkono wa soketi, toa prosesa ya zamani kwa kuishika kingo, na uweke mpya ukilinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo kwenye kona na alama iliyo kwenye soketi. Ishushe wima, usiitelezeshe wala kuibonyeza. Uzito wake mwenyewe unatosha. Pini za soketi ni laini kiasi kwamba ncha ya kitambaa ikizikwaruza zinapinda. Safisha pesti ya zamani ya kupitishia joto na upake mpya kiasi cha punje ya mchele kabla ya kurudisha kipoza joto.

Ukimulika tochi ya simu kwa pembeni na kuona kundi la pini ambalo mng'ao wake haufanani na wengine, acha hapo na umpelekee fundi mwenye darubini ya ukarabati. Usijaribu kuzinyoosha kwa sindano, kwa sababu pini moja ikivunjika ubao wote unaweza kupotea. Umwone fundi pia ikiwa mashine itaanza kumweka nyekundu baada ya kuweka prosesa iliyo kwenye orodha rasmi, au ikiwa BIOS imekatika njiani.

Dukani, soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha prosesa kabla ya kujadili bei. Panapaswa kuwa na jina kamili na msimbo unaoanza na herufi SR. Ukikuta maneno "Intel Confidential", hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa, na huenda BIOS ya HP isiitambue, irudishe. Na kwa muuzaji yeyote anayekuhakikishia kwamba "itaingia tu", mpelekee mashine yako na umwombe aiweke mbele yako, aiwashe, na akuonyeshe jina la prosesa kwenye ukurasa wa BIOS kabla hujatoa simu kulipa kwa M-Pesa.